Neno Moja, Maana Moja: Lugha na Uhakiki katika Ripoti za Usalama wa Anga

Ripoti ya usalama wa anga ni maandishi yanayoeleza jambo lililotokea, au lililokaribia kutokea, katika safari ya ndege au katika matayarisho yake, kwa kusudi la kuzuia jambo hilo lisitokee tena. Ziko aina mbili kuu. Ya kwanza ni ripoti rasmi ya uchunguzi, ambayo huandikwa na chombo cha serikali baada ya ajali au tukio zito. Ya pili ni taarifa fupi inayoandikwa kwa hiari na rubani, fundi, mwongoza ndege, mhudumu wa abiria au mpakia mizigo aliyeona kasoro kabla haijaleta madhara. Aina hizi hutofautiana kwa urefu na kwa uzito, lakini zina sharti moja. Msomaji wake hakuwapo tukio lilipotokea, na mara nyingi hana nafasi ya kumuuliza mwandishi alikusudia nini. Atasoma maneno yaliyomo katika karatasi, na atafanya uamuzi kwa maneno hayo.

Kwa sababu hiyo, uandishi wa ripoti hizi haupimwi kwa uzuri wa mtindo. Hupimwa kwa swali moja: je, wasomaji wawili wasiojuana, wakiisoma sentensi hii, watapata picha moja? Kiswahili kina nyenzo nzuri za kulijibu swali hilo, hasa katika ngeli na katika mnyambuliko wa vitenzi. Kina pia mitego yake, ambayo mwanafunzi, mfasiri na mhakiki hawana budi kuifahamu.

Kibali kilichokuwa na maana mbili

Tarehe 1 Desemba 1974, ndege ya Boeing 727 ya shirika la TWA, safari namba 514, ilikuwa ikielekea uwanja wa Dulles, karibu na Washington. Ikiwa bado mbali na uwanja, ilipewa na mwongoza ndege kibali cha kuukaribia uwanja kwa ajili ya kutua. Marubani walikielewa kibali hicho kuwa ruhusa ya kuteremka hadi futi 1,800, mwinuko walioukuta katika ramani yao. Kwa upande wa waongoza ndege, kibali kilekile kilimwachia rubani jukumu la kulinda mwinuko salama mpaka afike katika sehemu ya mwisho ya njia. Kila upande ulitumia maneno yaleyale kwa nia njema, na kila upande ulikuwa na maana yake. Ndege iligonga mlima uitwao Mount Weather katika jimbo la Virginia, na watu wote 92 waliokuwamo wakafa.

Kisa hiki kina sehemu ya pili, ambayo ndiyo inayowahusu zaidi waandishi wa ripoti. Yapata wiki sita kabla ya ajali hiyo, marubani wa shirika jingine, United, walikielewa kibali cha aina hiyohiyo kwa namna hiyohiyo, na wakanusurika chupuchupu kuugonga mlima huohuo. Waliandika taarifa, na shirika lao likawaonya marubani wake. Onyo hilo halikuvuka mipaka ya shirika. Baada ya ajali, kanuni za Marekani zilirekebishwa ili kibali hicho kiwe na maana moja. Mwaka 1976 ukaanzishwa mfumo wa kitaifa wa kupokea taarifa za hiari, unaojulikana kwa kifupi kama ASRS. Usimamizi wake ulikabidhiwa NASA, chombo kisichokuwa na mamlaka ya kumwadhibu rubani wala fundi. Majina na alama za kumtambulisha mtoa taarifa huondolewa, na kinachobaki husambazwa ili wengine wajifunze.

Mfumo kama huo unategemea mambo mawili: mtu awe tayari kuandika, na alichoandika kieleweke. Lugha inagusa yote mawili. Maandishi yenye utata hayamfikii msomaji, na maandishi yenye lawama humfanya mwandishi wa kesho anyamaze.

Kuruka, kupaa na kuondoka

Tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa Los Rodeos, kisiwani Tenerife, ndege mbili za Boeing 747 ziligongana katika njia ya kurukia iliyofunikwa na ukungu. Watu 583 walikufa. Muda mfupi kabla ya kugongana, rubani msaidizi wa ndege ya KLM alitamka kwa Kiingereza maneno ambayo yangeweza kueleweka kwa namna mbili: kwamba ndege iko mahali pa kuanzia kupaa, au kwamba tayari inapaa. Ndege ilikuwa imeshaanza kwenda mbio. Mwongoza ndege alielewa kwamba bado imesimama inasubiri. Tangu hapo utaratibu wa mawasiliano ulikazwa: neno la Kiingereza la kupaa hutumika tu pale kibali cha kupaa kinapotolewa au kufutwa, na katika mazungumzo mengine yote hutumika neno la kuondoka.

Mawasiliano ya redioni katika viwanja vikubwa vya Afrika Mashariki hufanyika kwa Kiingereza. Hata hivyo, mtego huo umo pia katika Kiswahili cha ripoti na cha tafsiri. Kitenzi *kuruka* kina angalau maana nne zinazoweza kukutana katika ukurasa mmoja: kuwa hewani, kuacha ardhi, kuchupa, na kupita jambo bila kulitenda. Sentensi "Ndege iliruka saa 3:10" haisemi kama saa hiyo ndege iliondoka mahali pa kuegesha, ilianza kwenda mbio katika njia, au magurudumu yaliacha ardhi. Katika ripoti, tofauti ya dakika kumi kati ya hatua hizo inaweza kuwa ndiyo kiini cha uchunguzi.

Ni vyema kila hatua ipewe neno lake. *Kuondoka* kutumike kwa kuacha mahali pa maegesho. *Kuanza mbio za kupaa* kwa mwendo wa kasi katika njia. *Kupaa* kwa kuacha ardhi. *Kuruka* kuachwe kwa hali ya jumla ya kuwa hewani. Pale rubani au fundi alipopita hatua fulani katika orodha ya ukaguzi, isiandikwe kwamba "aliruka hatua ya tatu", bali kwamba "hatua ya tatu haikufanyika".

Kitenzi *kushuka* kinahitaji uangalifu huohuo. Abiria hushuka, mwendo hushuka, na ndege hushuka. Tena, ndege inaposhuka, kitenzi hakisemi kama rubani alikusudia. *Kuteremka* kunafaa kwa mwendo uliopangwa. *Kupoteza mwinuko* kunafaa pale ndege iliposhuka bila kukusudiwa.

Ndege waliingia katika ndege

Lugha chache zina tatizo la nomino *ndege*, lakini pia lugha chache zina dawa yake. Kiumbe mwenye mabawa na chombo cha usafiri huitwa kwa neno moja, na hutofautishwa na upatanisho wa kisarufi. Kiumbe huchukua upatanisho wa viumbe hai: *ndege huyu aliingia*, *ndege hawa waliingia*. Chombo hubaki katika upatanisho wa ngeli ya I-ZI: *ndege hii iliingia*, *ndege hizi ziliingia*. Tarehe 15 Januari 2009, ndege iliyokuwa imetoka New York ilipambana na kundi la mabata bukini, ikapoteza nguvu za injini zote mbili na kutua katika mto Hudson. Watu wote 155 waliokolewa. Tukio hilo linaweza kuelezwa kwa Kiswahili sanifu bila utata wowote: "Ndege waliingia katika injini za ndege, nayo ikatua mtoni."

Tatizo huja pale sentensi isipokuwa na upatanisho wa kuonyesha kinachotajwa. "Rubani aliona ndege upande wa kulia" ni sentensi sahihi kisarufi, lakini ni sentensi ya hatari. Msomaji hajui kama ripoti hii ihifadhiwe pamoja na matukio ya viumbe wanaozagaa viwanjani au pamoja na matukio ya ndege zilizokaribia kugongana. Vivyo hivyo kwa kichwa cha habari kama "Ongezeko la ndege uwanjani". Dawa ni kuongeza neno lenye upatanisho, yaani *ndege wawili* au *ndege mbili*, na ni bora zaidi kutaja aina: *mwewe*, *kunguru*, *korongo*, au *ndege ya abiria*, *ndege ndogo ya injini moja*.

Mhakiki anayesahihisha upatanisho katika ripoti ya aina hii hafanyi kazi ya kupamba. "Ndege aligonga bawa" na "ndege iligonga bawa" ni matukio mawili tofauti, na kinachoyatofautisha ni herufi chache tu.

Kitenzi na lawama

Mkataba wa Usafiri wa Anga wa Kimataifa, uliotiwa sahihi Chicago mwaka 1944, una kiambatisho cha 13 kinachohusu uchunguzi wa ajali. Kiambatisho hicho kinaeleza kwamba lengo pekee la uchunguzi ni kuzuia ajali, wala si kugawa lawama au dhima. Kinaeleza pia kwamba kutaja sababu za ajali hakumaanishi kumtia mtu hatiani. Msimamo huo ni wa kisheria, lakini utekelezaji wake ni wa kisarufi, kwa maana kila kitenzi kina mtenda, na mtenda akitajwa vibaya huwa ameshahukumiwa.

Mnyambuliko wa vitenzi vya Kiswahili hutenganisha mambo haya kwa usahihi mkubwa. Zichukuliwe sentensi tatu:

- Fundi aliizima taa ya tahadhari.
- Taa ya tahadhari ilizimwa.
- Taa ya tahadhari ilizimika.

Ya kwanza inamtaja mtenda. Ya pili haimtaji, lakini inashikilia kwamba yupo: kuna mtu aliyeizima. Ya tatu, yenye kiambishi cha kutendeka, inaeleza kwamba taa iliacha kuwaka pasipo kutaja mkono wa mtu. Mwandishi ambaye hajui taa ilikuwaje hana haki ya kutumia hata mojawapo. Anachokijua ni kwamba alipoitazama, "taa ilikuwa haiwaki". Sentensi hiyo ya nne ni dhaifu kimtindo, lakini ndiyo pekee isiyodai zaidi ya kilichoonekana.

Uangalifu wa aina hiyohiyo unahitajika katika kukanusha. Jambo moja ambalo halikufanyika linaweza kuelezwa kwa vitenzi vingi, na kila kimoja kina uzito wake. *Hakukagua* kinasema tu kwamba ukaguzi haukufanyika. *Alisahau kukagua* kinadai kujua kilichokuwa akilini mwake. *Alipuuza kukagua* kinadai kwamba alijua wajibu wake na akaudharau. *Alizembea* ni hukumu kamili. Katika tafsiri kutoka Kiingereza hutokea sana *alishindwa kukagua*, ambapo asili haikusudii zaidi ya kusema kwamba jambo halikufanyika. Katika Kiswahili, mtu aliyeshindwa ni mtu aliyejaribu na nguvu au uwezo ukamwishia. Msomaji wa tafsiri hiyo atatafuta kilichomzuia fundi asikague, ilhali ripoti ya asili haikutaja kizuizi chochote. Mfasiri na aandike *hakukagua*, isipokuwa pale ambapo ripoti yenyewe inaeleza kwamba alijaribu.

Kiambishi *-ka-* cha masimulizi nacho kina mvuto wake. "Fundi akafunga kifuniko, taa ikawaka" inapanga matukio kwa mfuatano, lakini msomaji wa Kiswahili, aliyezoea masimulizi, huhisi pia kwamba la pili limezaliwa na la kwanza. Pale ambapo uhusiano huo haujathibitishwa, ni salama zaidi kutaja saa za matukio yote mawili na kumwachia mchanganuzi kazi ya kuyaunganisha.

Kuhusu nomino, *sababu*, *chanzo* na *kosa* hazifai kubadilishana nafasi. *Chanzo* huelekeza kwenye mwanzo mmoja, wakati ajali nyingi huwa na mambo kadhaa yaliyokutana. *Sababu* hukubali wingi wa mambo. *Mambo yaliyochangia* hufaa kwa yale ambayo, kama yasingekuwapo, uwezekano wa ajali ungepungua au madhara yake yangekuwa madogo. *Kosa* linafaa pale tu ambapo ripoti inaeleza tendo lililokwenda kinyume na utaratibu uliotajwa kwa jina na namba yake.

Uzito huu wa vitenzi huonekana hata katika habari za kawaida. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria iliishia katika Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba, nchini Tanzania, na watu 19 kati ya 43 waliokuwamo wakafariki. Jambo hilo moja linaweza kuandikwa kwamba ndege *ilianguka* ziwani, *ilitumbukia*, *iligonga maji* au *ilitua* majini. Kila kitenzi kina dai lake kuhusu hali ya ndege na kusudi la rubani. Kabla ya uchunguzi kukamilika, mwandishi mwaminifu huchagua kile chenye dai dogo zaidi.

Kilichoonekana na kilichodhaniwa

Kitenzi *kuonekana* hubeba maana mbili ambazo ripoti haina budi kuzitenganisha: kufikiwa na macho, na kudhaniwa. "Injini ilionekana kuwaka moto" inaweza kuwa ushahidi wa mtu aliyeuona moto, au inaweza kuwa hisia ya mtu aliyeona moshi tu. Njia ya kuondoa utata ni kumtaja aliyeona na alichokiona: "Mhudumu aliyekuwa mlango wa nyuma aliona miali ya moto ikitoka katika injini ya kushoto."

Muundo wa ripoti rasmi unasaidia hapa. Ripoti inayofuata kiambatisho cha 13 huwa na sehemu nne kwa mpangilio: taarifa za ukweli, uchanganuzi, hitimisho, na mapendekezo ya usalama. Maneno kama *huenda*, *yawezekana* na *inaelekea* yana makao yake halali katika sehemu ya pili. Yakionekana katika sehemu ya kwanza, mhakiki anapaswa kuuliza ni nani aliyekisia na kwa msingi gani.

Mtego mwingine ni wa viwakilishi. "Rubani alimwambia fundi kwamba hakukiona kifuniko" haisemi ni nani kati yao ambaye hakukiona. Katika mazungumzo, sauti na ishara zingeonyesha. Katika ripoti, cheo kirudiwe: "Rubani alimwambia fundi kwamba yeye, rubani, hakukiona kifuniko." Sentensi ni nzito, lakini haina njia panda.

Saa, upande na kipimo

Mfasiri wa ripoti za anga hukabiliana na saa za aina tatu. Usafiri wa anga hutumia saa ya dunia, ambayo iko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa tatu. Kisha wazungumzaji wa Kiswahili huhesabu saa za mchana tangu macheo. Hivyo 05:00 ya ripoti ni 08:00 kwa saa za Afrika Mashariki, na mzungumzaji ataiita saa 2:00 asubuhi. Mtu akiandika "saa 5:00" pasipo maelezo, wasomaji watatu wanaweza kuelewa nyakati tatu. Kanuni iliyo salama ni kuandika saa ya dunia kwa tarakimu nne na kuonyesha saa ya mahali kando yake.

Siku nazo zina utata. Kwa wazee wengi wa pwani, *usiku wa Ijumaa* ni usiku unaotangulia mchana wa Ijumaa, yaani ule ambao wengine huuita Alhamisi usiku. Maneno *jana*, *juzi* na *usiku wa leo* hupoteza maana mara ripoti inapohifadhiwa. Tarehe kamili ndiyo inayodumu.

Upande pia hutegemea aliposimama msemaji. Fundi anayeitazama ndege kwa mbele huiona injini ya kushoto mkononi mwake wa kulia. Kwa hiyo pande za ndege hutajwa kwa mtu aliyekaa akielekea mbele, na injini huhesabiwa kuanzia kushoto. Umuhimu wa jambo hili ulionekana Uingereza tarehe 8 Januari 1989, karibu na kijiji cha Kegworth. Injini ya kushoto ya Boeing 737 iliharibika, na marubani wakaizima ya kulia. Kapteni aliwatangazia abiria kuhusu injini ya kulia. Baadhi yao walikuwa wameona moto kushoto, lakini tofauti hiyo haikufika kwa marubani. Watu 47 kati ya 126 walikufa.

Kipimo nacho ni sehemu ya namba. Tarehe 23 Julai 1983, Boeing 767 ya shirika la Air Canada iliishiwa mafuta ikiwa hewani. Vipimo vya mafuta ndani ya ndege vilikuwa havifanyi kazi, hivyo kiasi kilikokotolewa kwa mkono wakati ambapo Kanada ilikuwa ikihamia vipimo vya metriki. Waliokokotoa walitumia kizidishio 1.77, ambacho ni cha ratili kwa lita, badala ya takriban 0.8, ambacho ni cha kilo kwa lita. Ndege ilipaa ikiwa na karibu nusu tu ya mafuta yaliyohitajika. Marubani waliielea hewani bila injini mpaka Gimli, Manitoba, na hakuna aliyekufa. Namba 1.77 haikuwa na kosa la tarakimu. Ilikosa neno moja pembeni yake.

Madaraja ya hatari

Maneno *ajali*, *tukio* na *dharura* hutumika kwa wepesi katika mazungumzo, lakini katika anga yana mipaka. *Ajali* ina fasili ya kimataifa: hutokea kati ya muda mtu wa kwanza anapopanda ndege kwa nia ya kusafiri na muda wa mwisho wanaposhuka wote, na huhusisha kifo, jeraha kubwa, uharibifu mkubwa wa ndege, au ndege kutoonekana. Kifo huhesabiwa kuwa cha ajali kikitokea ndani ya siku 30. *Tukio zito* ni lile ambalo nusura liwe ajali, na *tukio* pekee ni jambo lolote jingine linalogusa usalama. Fundi aliyeumia katika karakana, ndege ikiwa haina safari, amepata ajali ya kazini, wala si ajali ya ndege kwa fasili hiyo.

*Dharura* nayo ina mlango wake. Tarehe 25 Januari 1990, marubani wa Avianca, safari namba 52, waliwaeleza waongoza ndege wa New York kwamba walihitaji kipaumbele na kwamba mafuta yalikuwa yakiwaishia. Hawakutangaza dharura. Ndege iliishiwa mafuta na kuanguka Long Island, na watu 73 kati ya 158 walikufa. Kati ya *kipaumbele* na *dharura* palikuwa na utaratibu mzima ambao neno la kwanza halikuweza kuuanzisha. Mwandishi anayeita kila kutua kusikopangwa "kutua kwa dharura" huipunguza nguvu alama hiyo. Kama rubani hakutangaza dharura, iandikwe kwamba ndege "ilitua kwa tahadhari" au kwamba "ilirudi uwanjani", na sababu itajwe.

Mfano wa uhakiki

Taarifa ifuatayo ni ya kubuni, lakini mtindo wake unajulikana kwa kila mwalimu:

"Jana asubuhi majira ya saa mbili, tukiwa katika maandalizi ya safari, iligundulika kwamba kifuniko hakikufungwa vizuri kutokana na uzembe wa fundi ambaye inaonekana alishindwa kukikagua. Kitendo hiki kingeweza kusababisha maafa makubwa. Hatua kali zichukuliwe."

Hakuna kosa la tahajia. Hata hivyo, mhakiki ana maswali: jana ya tarehe gani? Nani aligundua? Kifuniko kipi? "Vizuri" ni kiasi gani? Uzembe ulithibitishwaje? Baada ya mwandishi kuyajibu, taarifa inakuwa hivi:

"Tarehe 14 Mei, 0505 kwa saa ya dunia (saa 2:05 asubuhi kwa saa za mahali), rubani msaidizi aliyekuwa akiikagua ndege kwa nje alikuta kifuniko cha mafuta ya kulainisha cha injini namba 1 kipo mahali pake, lakini makomeo mawili kati ya matatu hayakufungwa. Kwa mujibu wa fomu ya kazi, fundi wa zamu aliongeza mafuta hayo saa 0140. Nafasi ya sahihi kwa hatua ya kufunga kifuniko iko wazi. Fundi anaeleza kwamba saa 0145 aliitwa kwenda ndege nyingine na kwamba hakurudi. Kifuniko kilifungwa na kukaguliwa kabla ya safari."

Taarifa ya kwanza ingezaa adhabu. Ya pili inaonyesha mahali pa kurekebisha: fundi huitwa katikati ya kazi, na hakuna utaratibu wa kuikabidhi kazi iliyoachwa nusu. Fundi mwingine, katika zamu nyingine, yuko katika hatari hiyohiyo, na ni yeye anayelindwa na marekebisho haya.

Kazi ya mhakiki

Katika miongozo ya ufundi wa ndege kuna Kiingereza kilichorahisishwa kinachojulikana kama ASD-STE100. Msingi wake ni kwamba neno moja huwa na maana moja. Sentensi ya maagizo haipaswi kuzidi maneno 20, na ya maelezo maneno 25. Idadi hiyo haiwezi kuhamishiwa Kiswahili kama ilivyo, kwa kuwa neno moja la Kiswahili kama *hakikufungwa* hubeba kazi ya maneno kadhaa ya Kiingereza. Msingi wenyewe unahamishika. Insha ya shuleni humfundisha mwanafunzi kuepuka kurudia neno. Ripoti humtaka arudie. Kifuniko kikishaitwa *kifuniko*, kisigeuke kuwa *kizibo* katika aya ya pili, kwa maana msomaji atadhani ni vitu viwili.

Uhakiki wa ripoti unafaa kufanywa kwa mapito tofauti. Katika pito la kwanza, namba zote, yaani saa, tarehe, mwinuko, uzito na namba za sehemu, hulinganishwa na kumbukumbu za asili, na kila namba huangaliwa kama ina kipimo chake. Katika pito la pili kila kitenzi huulizwa mtenda wake ni nani, na kama mwandishi ana ushahidi. Katika la tatu hufuatwa majina ya vitu kuona kama hayajabadilika njiani. Tahajia na alama za uandishi huja mwisho, ingawa nazo si jambo dogo: mkato uliowekwa pasipo mahali pake unaweza kumhamisha mtenda.

Mhakiki anayefaa zaidi ni mtu asiyekuwapo kwenye tukio. Aliyekuwapo hujaza mapengo kwa kumbukumbu yake bila kujitambua. Katika mawasiliano ya redioni, rubani hutakiwa kurudia agizo alilopewa, na mwongoza ndege hutakiwa kusikiliza kama limerudiwa sawasawa. Maandishi yanaweza kupimwa kwa njia hiyohiyo: mhakiki aisome ripoti mara moja, aiweke kando, kisha amsimulie mwandishi kwa maneno yake mwenyewe. Palipo na tofauti kati ya simulizi na kusudio, sentensi ndiyo inayorekebishwa, si msomaji.

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Katika ripoti ya usalama, aliyejikwaa ulimi na atakayeumia mara nyingi si mtu mmoja.